Barua pepe ya kazini imekataa kwenye simu: dalili, chanzo na pa kuanzia

Nafanya kazi ya kuhudumia kompyuta na simu katika ofisi za mawakala wa mizigo, baina ya Moi Avenue na Kilindini, hapa Mombasa. Huku barua pepe ya kazini si mapambo. Hati ya kutolea mzigo ikiingia saa nne asubuhi na wakala asiione mpaka jioni, kontena hulala bandarini siku nyingine na mteja hulipishwa. Ndiyo maana simu inapokataa kuungana na seva ya kampuni, ile kompyuta inayopokea na kutunza barua, watu hupaparika, na wakipaparika hufanya mambo mawili yale yale: hujaribu nenosiri mara kumi, kisha hufuta akaunti nzima ili waanze upya. La kwanza hufunga akaunti. La pili huweza kupoteza barua ambazo hazijatoka, pamoja na mipangilio ambayo hakuna tena anayeikumbuka.

Maneno yanayotokea kwenye skrini yasikupeleke mbio. Simu inajua tu kwamba mlango haukufunguka. Haijui kama kosa ni la ufunguo, la kitasa, au ni wewe hujafika kwenye nyumba yenyewe. Kwa hiyo hutokea ikasema "nenosiri si sahihi" ilhali nenosiri halina neno, na ikasema "seva haipatikani" ilhali seva iko macho inahudumia wenzako.

Jaribio la kwanza, kabla ya kugusa mipangilio

Zima Wi-Fi, ubaki na data ya laini. Fungua kivinjari cha simu, uandike anwani unayotumia kusomea barua pepe ya kazini kwenye tovuti. Kampuni zilizo kwa Microsoft hutumia outlook.office.com, zilizo kwa Google hutumia mail.google.com, na zenye seva ya kukodi mara nyingi hutumia jina la kampuni likitanguliwa na neno webmail. Ingia kwa anwani yako kamili na nenosiri lako, mara moja tu, bila haraka.

Ukiingia na kuziona barua zako, basi nenosiri ni zima, akaunti ni nzima na seva ni nzima. Kosa liko ndani ya simu, katika programu ya barua au mipangilio yake, na yaliyomo humu yatakufaa. Ukikataliwa hata huko, simu haina kosa, na kuendelea kuihangaisha ni kupoteza muda: nenosiri au akaunti ndiyo yenye tatizo, na hilo ni la msimamizi wa mfumo. Ukurasa usipofunguka kabisa, shida ni mtandao.

Kisha washa Wi-Fi ya ofisi urudie. Tofauti kati ya data na Wi-Fi ni ushahidi mkubwa. Uiandike mahali.

Dalili: "Yasema nenosiri si sahihi, nami najua ni sahihi"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi na pupa.

Sababu ya kawaida ni kuchapa vibaya. Kibodi ya simu huikuza herufi ya kwanza bila kuulizwa, na ukichagua neno inalokupendekezea, huongeza nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Bonyeza alama ya jicho pembeni ya kisanduku uone unachoandika, herufi kwa herufi. Usijitumie nenosiri kwenye WhatsApp ili ulinakili. Likishaingia humo limebaki humo, na simu ikiibwa limekwenda nayo.

Inayofuata ni kwamba nenosiri lilibadilishwa kwenye kompyuta, na simu haikuambiwa. Kampuni nyingi hulazimisha mabadiliko kila baada ya muda. Kompyuta inakubali, mtu anasahau, na simu mfukoni inaendelea kugonga mlango kwa ufunguo wa zamani.

Tazama pia jina la mtumiaji. Seva nyingi zinataka anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kinachofuata. Ukiandika sehemu ya mbele peke yake utaambiwa nenosiri ni baya, ingawa kosa liko kwenye jina. Seva za Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft, ambazo kampuni imeziweka ofisini kwake, hasa za zamani, huweza kutaka jina la mtandao wa ndani, mkwaju wa kurudi nyuma (\), kisha jina lako. Hilo huwezi kulikisia. Uliza.

Halafu kuna sababu iliyowatesa wengi na ambayo bado inatesa wenye simu za zamani. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, Microsoft ilianza kuifunga kabisa njia ya kale ya kuingia kwenye barua pepe zake za mtandaoni, ile ya programu kushika jina na nenosiri na kuyapeleka moja kwa moja kwa seva. Google nao wamekwenda njia hiyo hiyo. Siku hizi programu hufungua ukurasa wa kuingia wa Microsoft au Google wenyewe, unathibitisha kwa hatua mbili, na programu hupewa kibali bila kulihifadhi nenosiri lako. Ikiwa barua yenu iko kwa Microsoft, kuitambua ni rahisi: unapoongeza akaunti, ukifunguliwa ukurasa wa Microsoft, mara nyingi wenye nembo ya kampuni yako, uko kwenye njia mpya. Ukipewa visanduku viwili vitupu tu, cha anwani na cha nenosiri, uko kwenye njia ya kale, na hata uandike nenosiri kwa wino wa dhahabu utakataliwa. Dawa ni kuacha programu ya barua iliyokuja na simu na kuweka Outlook au Gmail kutoka duka la programu. Kwenye iPhone, chagua Microsoft Exchange unapoongeza akaunti, kisha ukubali kuingia kupitia ukurasa wa Microsoft badala ya kujaza mwenyewe.

Ya mwisho hutokea mara chache, lakini ikitokea huzungusha watu kwa wiki nzima. Mhasibu mmoja niliyemhudumia alikuwa akifungiwa akaunti kila asubuhi. Anafunguliwa saa mbili, anafanya kazi, mara amefungiwa tena. Tulibadilisha nenosiri, tukabadilisha programu, nusura tubadilishe simu. Siku moja nikamuuliza, "Dada, hakuna kifaa kingine chochote ulichowahi kutia barua hii?" Akafikiri, akasema, "Labda tableti ya watoto, iko nyumbani Kisauni." Ilikuwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, skrini imepasuka, watoto wanatazama katuni. Huku nyuma programu ya barua ilikuwa ikijaribu nenosiri la mwaka uliopita kila dakika 15. Tulipoitoa akaunti kwenye tableti ile, shida ikaisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulaumu simu ya mkononi, hesabu vifaa vyako vyote: simu ya zamani uliyompa mdogo wako, tableti, kompyuta ya nyumbani.

Onyo: ukikosea mara mbili, simama. Kwa Microsoft, kama kampuni haikubadilisha kiwango, akaunti hujifunga baada ya majaribio 10 mabaya, kwanza kwa dakika moja, na ukiendelea kukosea muda unarefuka. Seva za kukodi zina adhabu nyingine, nayo ni kali zaidi. Nitaieleza hapa chini.

Dalili: "Haiwezi kuunganisha na seva"

Anza na jambo linaloonekana dogo. Watu huniambia, "Intaneti ipo, WhatsApp yafanya kazi." WhatsApp kufanya kazi si ushahidi. Laini nyingi zina bando la WhatsApp pekee, na bando la kawaida likiisha, ujumbe unaendelea kuingia huku kila kitu kingine kimekatwa. Fungua tovuti yoyote usiyoizoea. Ikikataa, nunua bando. Mwenye laini mbili atazame pia data inatoka kwenye laini ipi, maana simu huweza kurukia laini isiyo na kitu.

Tazama kama kuna programu ya VPN iliyowashwa, ile inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali kwanza. Za bure zimejaa kwenye simu za watu. Nyingine huzuia barua, na nyingine hufanya ionekane unaingia kutoka nchi ya mbali, basi seva ya kampuni inakufungia kwa kukutilia shaka. Zima, ujaribu tena.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye mipangilio ya akaunti. Jina la seva lisomwe polepole. Nukta ikikosekana, au "co.ke" ikigeuka "com", simu itakwenda kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mara nyingi jina ni mail, nukta, kisha jina la kampuni, lakini si lazima, kwa hiyo liombe kwa maandishi. SSL/TLS na STARTTLS ni aina za ulinzi wa mawasiliano; IMAP huacha barua kwenye seva, POP huzibeba kwenye kifaa. Namba za poti, yaani milango ya seva, zinazotumika sana ni hizi:

Kupokea kwa IMAP: 993, usalama SSL/TLS
Kupokea kwa POP: 995, usalama SSL/TLS
Kutuma kwa SMTP: 465 pamoja na SSL/TLS, au 587 pamoja na STARTTLS
Exchange: 443, na kwa kawaida huhitaji kuijaza mwenyewe

Namba na aina ya usalama ni mke na mume. Ukiweka 465 ukachagua STARTTLS, simu itazunguka, itazunguka, kisha ikate tamaa bila kukueleza kwa nini. Ukikuta 143, 110 au 25 kwenye maelekezo ya zamani ya ofisi, usizitumie kabla hujauliza. Bila ulinzi juu yake, nenosiri lako hupita wazi hewani.

Sasa ile adhabu ya seva za kukodi. Ikiwa barua inafanya kazi kwa data lakini kwenye Wi-Fi ya ofisi inakataa kwa kila mtu, kompyuta na simu pamoja, basi karibu kila mara kuna mmoja ofisini ambaye kifaa chake kimebisha hodi kwa nenosiri baya mara nyingi mno. Seva haimwoni yeye peke yake. Inaona anwani moja ya mtandao wa ofisi nzima, na inaifunga yote. Nimeikuta ofisi ya watu ishirini imekaa bila barua tangu asubuhi kwa sababu ya simu moja iliyokuwa mfukoni mwa mtu. Kuwasha na kuzima kisambaza mtandao hakusaidii daima. Mtafute mwenye nenosiri baya kwanza, kisha msimamizi aombe anwani ifunguliwe. Mkifungua kabla ya kumpata, mtafungiwa tena kabla ya chakula cha mchana.

Simu ya zamani sana nayo ina mpaka wake. Seva za leo zinataka ulinzi wa TLS toleo la 1.2, na Android ilianza kuiwasha yenyewe kuanzia toleo la 5.0, la mwaka 2014. Simu ya chini ya hapo haina marekebisho ya maana. Tumia nyingine.

Mara moja moja kosa liko baharini. Nyaya kubwa za intaneti zinatua hapa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, lakini seva ya kampuni yako huenda iko Ulaya au Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja huko bahari ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kila mahali. Siku kama hiyo usiguse chochote kwenye simu. Subiri.

Dalili: onyo la cheti, "muunganisho si salama"

Cheti ni kitambulisho cha seva. Simu hukitazama kabla ya kutoa nenosiri lako, na ikitilia shaka hukuuliza. Swali hilo lina uzito kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo watu hulibonyeza "endelea" bila kusoma.

Asubuhi moja nilikuwa Likoni nangoja feri. Mama mmoja wakala, tunajuana kwa kazi, akanisogelea simu mkononi. "Mwanangu, hebu nitazamie. Tangu alfajiri yaniambia seva si ya kuaminika, na hati yangu imo humo." Nikaipokea. Kioo kilikuwa na ufa kwenye pembe, umezibwa kwa selotepu. Onyo lilisema cheti bado hakijaanza kutumika. Bado hakijaanza! Nikateremsha pazia la juu la skrini: tarehe ilisomeka Januari mosi, na mwaka ulikuwa wa nyuma sana. "Mama, simu ilizima chaji usiku?" "Ilizima kabisa, hata kengele ya alfajiri haikulia." Simu ilipowaka tena ilianza kuhesabu siku upya, kwa sababu mtu alikuwa ameizima saa ya kujiweka yenyewe. Kwa simu inayoamini iko miaka kadhaa nyuma, cheti cha leo ni kitu cha baadaye. Nikaingia kwenye Tarehe na Saa, nikawasha ile ya kufuata mtandao, nikampa. Kabla mlango wa feri haujashuka, hati ilikuwa imeshaingia. "Alhamdulillahi," akasema, akaitia simu kwenye mkoba, akashika njia.

Kwa hiyo cheti kikilalamikiwa, tazama tarehe kwanza, pamoja na mwaka.

Tarehe ikiwa sawa, angalia uko kwenye Wi-Fi gani. Za hoteli na mikahawa hukusimamisha kwenye ukurasa wao mpaka ukubali masharti, na kabla hujakubali kila kitu huonekana kibovu. Rudi kwenye data ya laini. Onyo likitoweka, shida ni ile Wi-Fi, na barua ya kazini usiifungulie hapo tena.

Onyo likibaki hata kwa data, ama cheti cha seva kimekwisha muda, ama jina uliloandika si lililo kwenye cheti. Hili la pili ni la kawaida kwa seva za kukodi: kampuni imeandika jina lake, cheti kimeandikwa jina la mwenye seva. Msimamizi atakupa jina linalokubalika. Kwa Android za chini ya 7.1.1 kuna jambo jingine. Simu hizo haziutambui mzizi mpya, yaani cheti kikuu kinachothibitisha vingine, wa vyeti vya shirika la Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti na seva nyingi sana. Mzizi wa zamani ulikwisha tarehe 30 Septemba 2021, na mpango wa kuzibeba simu hizo ukafika mwisho tarehe 30 Septemba 2024.

Onyo: usichague kamwe "kubali vyeti vyote", hata fundi wa mtaani akikuambia ndiyo njia ya mkato. Ukiichagua, yeyote mwenye Wi-Fi ya hila anaweza kujifanya seva ya kampuni yako, na simu yako itampa nenosiri bila kuuliza.

Dalili: "Napokea vizuri, lakini sitoi"

Kupokea na kutuma ni milango miwili, kila mmoja una mipangilio yake. Sababu ya kwanza ni kwamba seva ya kutuma haikupewa jina na nenosiri. Kwenye mipangilio ya barua zinazotoka kuna alama ya kuweka kwamba kuingia kunahitajika. Iweke, kisha jaza anwani kamili na nenosiri lile lile. Ya pili ni poti 25, ambayo mitandao mingi huifunga kwa ajili ya barua taka. Tumia 465 au 587.

Ya tatu ni uzito. Wakala anapiga picha nane za mzigo ulioharibika, kila moja MB 4, anaziambatisha zote. Hizo ni MB 32, na kiambatisho kinapofungwa kwa safari ya barua pepe huongezeka kwa theluthi hivi, kwa hiyo zinafika zaidi ya MB 42. Gmail hutuma hadi MB 25, maana yake faili halisi zisizidi MB 18 hivi, na seva nyingine zina kikomo cha chini zaidi. Barua ile nzito hukwama mbele, na zote zilizo nyuma yake zikangoja. Fungua folda ya barua zinazosubiri kutoka, ifute hiyo moja, kisha tuma picha mbili mbili.

Ikiwa kila kitu ni sawa na bado barua zinarudishwa, au wateja wanasema wamepokea kutoka kwako barua ambazo hukuandika, acha simu. Hapo huenda mtu mwingine anatumia akaunti yako. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Dalili: barua zinaingia zote kwa pamoja ukifungua programu

Hapa karibu kila mara ni betri. Simu nyingi za Android zinazouzwa madukani mwetu huilaza programu usiyoigusa ili chaji ifike jioni. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya barua, sehemu ya betri, uiruhusu itumie bila kizuizi. Halafu tazama Kiokoa Data, kisha kama programu imeruhusiwa kujiwasha na kutoa arifa. Masasisho ya simu huweza kuyarudisha yote haya nyuma, kwa hiyo shida ikirejea baada ya sasisho, anza hapo hapo.

Kisha kuna aina ya akaunti. Akaunti ya Exchange husukumiwa barua papo hapo. Akaunti ya IMAP ndani ya programu ya Gmail huenda kuulizia kila baada ya muda uliowekwa, na wa chini ni dakika 15. Programu ya barua ya iPhone nayo huulizia kwa vipindi ikiwa akaunti ni IMAP ya kampuni. Huo si ubovu.

Dalili: "Barua zangu zimepotea"

Pole kwanza, kisha usifute wala kuweka upya chochote. Ingia kupitia kivinjari. Ukizikuta huko, basi simu imewekwa kuonyesha siku chache tu za nyuma. Ongeza muda wa barua zinazosawazishwa.

Usipozikuta, uliza kama kuna kifaa kinachotumia POP. POP hubeba barua na kuziweka kwenye kifaa kimoja, na ikiwa imewekwa kufuta kwenye seva, simu yako itabaki tupu huku barua ziko kwenye kompyuta ya ofisini. Usiizime wala kuifuta kompyuta hiyo: huenda ndiyo yenye nakala pekee iliyobaki. Kwa kampuni yoyote ambayo mtu ana simu na kompyuta, mimi hushauri IMAP au Exchange, na POP iachwe kabisa. Ila ujue, kwa IMAP ukifuta barua kwenye simu umeifuta kila mahali. Simu si nakala.

Dalili: kampuni inataka ruhusa ya kuifuta simu

Ukiongeza akaunti ya Exchange, simu huweza kukuonyesha orodha: lazima uweke namba ya siri ya skrini, kampuni iweze kufunga simu, kampuni iweze kufuta data yote. Watu huogopa, na wana haki ya kuogopa. Uliza kabla ya kukubali. Katika programu ya barua iliyokuja na simu, amri ya kufuta huweza kusafisha simu nzima, picha za harusi na zote. Katika programu ya Outlook, amri hiyo huondoa data ya kampuni peke yake. Android pia ina wasifu wa kazini, chumba cha pembeni ambacho kampuni hukitawala bila kugusa mambo yako. Ikiwa simu ni yako kwa fedha zako, omba mojawapo ya hizo mbili.

Baada ya kukubali, barua moja tu huweza kuingia ikisema kifaa kinasubiri idhini. Si kosa, msimamizi hajabonyeza tu. Na simu iliyovunjwa ulinzi wake wa kiwandani hukataliwa moja kwa moja. Usitafute njia ya kupenya.

Acha hapo, piga simu

Simama, usijaribu jingine, ukiona lolote kati ya haya: umeletewa namba ya uthibitisho au ombi la kuidhinisha kuingia ambalo hukuliomba, onyo la cheti limebaki baada ya kurekebisha tarehe na kutumia data ya laini, kuna mtu amekupigia akijiita wa kompyuta na anataka nenosiri au ile namba, au kwenye akaunti yako kuna kanuni ya kupeleka barua kwa anwani usiyoijua. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Mwizi huingia kimya, huweka kanuni hiyo, husoma ankara zenu kwa wiki kadhaa, kisha humwandikia mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kubadilisha nenosiri peke yake hakuiondoi kanuni. Ni kazi ya msimamizi, ifanyike siku hiyo hiyo.

Simu ikiibwa, iwe kwenye matatu au Marikiti, mpigie msimamizi kabla hata ya kwenda polisi. Kila dakika akaunti iko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaipa kampuni saa 72 tangu ijue kumjulisha Kamishna wa Data, ikiwa taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kuwadhuru. Ukificha kwa aibu mpaka Jumatatu, umeila sehemu kubwa ya muda huo. Na ukimpelekea fundi wa mtaani simu kubadilishwa kioo, toa akaunti ya kazini kwanza, usimwachie ikiwa imefunguliwa.

Unapompigia msimamizi, mwambie jaribio la kivinjari lilijibu nini, tofauti uliyoiona kati ya data na Wi-Fi, aina ya simu na toleo la Android au iOS, na lini mara ya mwisho barua iliingia vizuri. Mtumie picha ya skrini yenye maneno yote ya kosa. Kabla ya kuituma, hakikisha ile alama ya jicho imefungwa na nenosiri halionekani.